Kujitoa wakati bei imeanguka: mfuko wa uwekezaji na kiwanda cha alizeti cha Kizota

Machi 2024 nilipigiwa simu kutoka Nairobi. Aliyepiga alikuwa meneja wa mfuko wa uwekezaji uliokuwa unamiliki asilimia 40 ya kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma, eneo la viwanda la Kizota. Mbele yake alikuwa na mkataba wa wanahisa wa kurasa 94, na alikuwa na swali moja: kati ya haki zote tulizoandikiwa humu, ipi itatutoa haraka?

Nilimwomba anitumie vitu viwili, huo mkataba pamoja na katiba ya kampuni kama ilivyo kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Cha kwanza kilifika ndani ya dakika kumi. Cha pili kilichukua siku nne, na nilipokisoma nikajua kazi itakuwa ndefu.

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya pande zote mbili, bila majina, na tarakimu za biashara nimezigeuza kidogo. Nilikuwa wakili wa mfuko, msomaji alijue hilo mapema. Kilichonisukuma ni hiki: familia zenye viwanda Dodoma na Singida zinaletewa mikataba ya namna hii na kuisaini bila kusoma ukurasa wa kutokea, yaani ule unaosema mwekezaji atatokaje, na wawekezaji nao wanauandika ukurasa huo kana kwamba kila msimu utakuwa wa mvua.

Walivyofika hapo

Kiwanda ni cha mume na mke, humu nawaita Mzee na Mama, walioanza na mashine moja ya kukamulia Singida, kisha wakahamia Kizota. Oktoba 2016 mfuko huo, uliosajiliwa Mauritius, uliingiza dola milioni 3, ambazo kwa kiwango cha wakati ule zilikuwa kama shilingi bilioni 6.5. Fedha hizo zilijenga mtambo wa kusafishia mafuta na maghala mawili ya kununulia alizeti, moja Singida na jingine Kibaigwa. Familia ilibaki na asilimia 60. Benki nayo ilitoa mkopo, ikachukua dhamana kiwanja, mitambo na mali yote iliyomo ghalani.

Mfuko wa aina hii hauna maisha marefu. Wanaoweka fedha humo huahidiwa kurudishiwa baada ya miaka 10, na muda huo huongezwa mwaka mmoja mmoja, mara mbili tu, tena wao wenyewe wakikubali. Mfuko wetu ulimaliza kukusanya fedha mwishoni mwa 2014, kwa hiyo Desemba 2024 ulitakiwa uwe umeuza kila kitu. Mzee aliniambia baadaye kwamba mwaka 2016 hakuna aliyemweleza jambo hilo kwa Kiswahili chepesi. Alidhani amepata mbia wa kuzeeka naye. Naamini alisema kweli, na naamini pia kwamba nusu ya ugomvi uliofuata ulitoka hapo.

Kisha ukaja 2022. Februari Urusi iliivamia Ukraine, na hizo ndizo nchi mbili zinazoongoza kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Machi bei ya mafuta ya kula duniani ilipanda kuliko wakati wowote uliotangulia. Aprili 28 Indonesia ikazuia mawese yake kwenda nje. Huku kwetu mavuno yalikuwa yanakaribia, wanunuzi wakapigana vikumbo vijijini, na kiwanda, kwa kuogopa kukosa malighafi, kikachukua ovadrafti na kujaza maghala yote kwa bei ya juu. Mei 23 Indonesia ikaondoa zuio. Nusu ya pili ya mwaka bei ya mawese ikaporomoka, mafuta ya kutoka nje yakajaa sokoni, na msimu wa 2023 bei ya alizeti ikamwangukia hata mkulima. Kiwanda kikawa kinakamua alizeti ya bei ghali na kuuza mafuta ya bei rahisi.

Nilipofika Kizota mara ya kwanza, Mama ndiye aliyenipokea. Alinipeleka nyuma ya ghala kwenye magunia ya mwisho ya 2022, akachota kiganja kimoja, akapasua punje kwa kucha, akainusa, akanipa na mimi ninuse. "Mafuta bado inatoa, mwanangu," alisema, "lakini harufu hii mteja anaisikia kabla hajafungua dumu." Halafu akafungua kaunta buku lake, ambamo kila gunia lililoingia msimu ule limeandikwa kwa kalamu: siku, kijiji, kilo, bei. Taarifa za hesabu zilizokaguliwa nilikuwa nimeshazisoma. Ukubwa wa hasara niliuelewa pale, mbele ya lile daftari.

Na nje ya nchi hali ilikuwa ngumu kwa njia nyingine. Benki kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 kufikia Julai 2023. Mwenye dola zake alipata mahali salama pa kuzilaza, wanunuzi wa hisa za viwanda vya Afrika wakapungua. Hapa nchini, dola zenyewe zilikuwa adimu. Kwa kifupi, mfuko ulitakiwa uuze katika mwaka mbaya kuliko yote tangu uanzishwe.

Haki iliyoonekana kubwa kuliko zote

Mkataba uliwapa haki ya kuwalazimisha waanzilishi wazinunue hisa za mfuko kuanzia mwaka wa saba, kwa bei inayoupa mfuko faida ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa dola. Piga hesabu: dola milioni 3 kwa miaka saba, asilimia 15 juu ya asilimia 15, inafika karibu dola milioni 8. Kwa kiwango cha mwishoni mwa 2023 hizo ni shilingi bilioni 20. Kiwanda chote, ukitoa deni la benki, hakikuwa na thamani ya nusu ya fedha hiyo.

Meneja alikuwa ameshaandaa rasimu ya notisi. Aliamini kwamba ikitumwa, familia itatafuta fedha popote. Nilimwandikia maoni ya kurasa sita, na kiini chake kilikuwa swali hili: ukishashinda, utakamata nini?

Mkataba uliupeleka mgogoro kwenye usuluhishi London. Tuseme mfuko unashinda baada ya mwaka na nusu. Tuzo hiyo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, inatambulika Tanzania, kwa kuwa tumo kwenye Mkataba wa New York wa kutambua tuzo za kigeni tangu 1964 na Sheria ya Usuluhishi ya 2020 imeweka utaratibu wa kuisajili Mahakama Kuu. Hapo sina shaka. Shaka yangu ilikuwa kwenye utekelezaji. Mali kubwa ya Mzee na Mama ni hisa zao ndani ya kiwanda hicho hicho. Baada ya hapo wana nyumba wanamoishi, na Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga nyumba ya makazi ya mdaiwa na familia yake isikamatwe kutekeleza hukumu, labda kama aliiweka rehani mwenyewe. Hawakuwahi kuiweka. Zilibaki ekari za shamba na gari.

Kwa hiyo mfuko ungetumia fedha nyingi kwa mawakili wa London ili mwisho wa safari ukamate hisa za kampuni ambayo kwa wakati huo ingekuwa imeshakufa. Haki ya kumuuzia mtu ni deni, na deni lina thamani ya kilicho mkononi mwa anayedaiwa. Waandishi wa mkataba waliielekeza haki hiyo kwa mtu ambaye utajiri wake wote ni kitu kilekile kinachouzwa. Bei ikianguka, mnunuzi wako naye ameanguka siku hiyohiyo.

Meneja aliuliza kama kampuni yenyewe haiwezi kuzinunua hisa hizo badala ya familia. Sheria ya Makampuni haijakataza kabisa, ila inalinda mtaji kwa ajili ya wadai: hisa zinazokombolewa hulipwa kutoka kwenye faida inayoruhusiwa kugawiwa au kutoka kwenye fedha za hisa mpya. Kampuni ilikuwa na hasara ya miaka miwili. Mlango huo ulikuwa umefungwa, na benki ilikuwa imeweka kufuli lake juu yake.

Kuburuta, na karatasi iliyosahaulika

Wakati tunajadili hayo, mfanyabiashara mmoja mkubwa wa mafuta wa Dar es Salaam, kampuni inayomilikiwa na wageni, alileta ofa ya dola milioni 3 kwa hisa zote za kampuni. Sehemu ya mfuko ingekuwa dola milioni 1.2. Mpango wake ulikuwa kuzima kinu na kukigeuza kiwanda kuwa ghala la kukusanyia alizeti. Familia ikakataa kwa sauti moja.

Mkataba wa wanahisa uliupa mfuko haki ya kuburuta: ukipata mnunuzi wa kampuni nzima baada ya mwaka wa saba, unaweza kuwalazimisha wenzako wauze pamoja nawe kwa bei hiyohiyo. Meneja alifurahi. Ikabidi nimwonyeshe kile kilichochukua siku nne kufika.

Katiba ya kampuni iliyoko BRELA ilikuwa ileile ya mwanzo, kabla ya mfuko kuingia. Ilisema mwanahisa akitaka kuuza lazima awaulize kwanza wenzake, na wakurugenzi wanaweza kukataa kusajili uhamisho wowote bila kutoa sababu. Neno kuburuta halikuwemo. Mkataba wa wanahisa ulisema katiba "itarekebishwa ndani ya siku 60" ili ifanane nao. Hakuna aliyeirekebisha. Si familia, si mfuko, si mawakili walioandika mkataba wakiwa mji mwingine. Miaka saba na nusu ilipita juu ya siku 60.

Je, haki ilikuwa imekufa? Hapana. Mkataba unawafunga waliousaini, na mfuko ungeweza kwenda kuomba amri familia itimize ahadi ya kurekebisha katiba. Lakini mnunuzi wa Dar es Salaam hakuwa anasubiri hukumu. Anayenunua hisa anataka jina lake liingie kwenye daftari la wanahisa, na daftari linasomwa pamoja na katiba. Mawakili wake walipoona hiyo katiba, walishusha bei kabla hata ya kuuliza swali la pili.

Nilimweleza meneja pia gharama zilizojificha nyuma ya mauzo ya asilimia 100, maana wageni wengi huzigundua wameshasaini.

Kubwa ni kodi. Umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, Sheria ya Kodi ya Mapato huihesabu kampuni kama imeuza mali zake zote siku hiyo kwa bei ya soko, hata kama hakuna bati lililotoka kiwandani. Hasara za nyuma nazo haziendi mbele kama zamani. Mnunuzi yeyote mwenye mhasibu mzuri atakukata kiasi hicho kwenye bei.

Ardhi ilikuwa jambo lingine. Kampuni ambayo wageni wana hisa nyingi ndani yake huhesabiwa kuwa si raia chini ya Sheria ya Ardhi, na haiwezi kushika hati kama raia. Inapata haki ya kutumia ardhi kwa uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji. Mfuko ulipokuwa na asilimia 40, hati ya Kizota haikuguswa. Siku mnunuzi yule angechukua kila kitu, hati ingelazimika kubadilishiwa njia, na hilo linachukua miezi. Tena muunganiko wa kampuni zenye mauzo au mali ya jumla ya kuanzia shilingi bilioni 3.5 unapaswa kupelekwa Tume ya Ushindani kabla ya kukamilika. Ukiuruka, faini ni asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka.

Tulipotoa kodi, asilimia 30 ya bei ambayo mnunuzi alitaka kuishikilia kwa miezi 18 kama kinga ya madai, na muda wa vibali, dola milioni 1.2 zilibaki kama laki saba na nusu za uhakika. Na zote zilitegemea haki ambayo haikuwa kwenye faili.

Mahakama kama tishio

Kamati ya uwekezaji Nairobi ilichoka. Mjumbe mmoja alisema tupeleke ombi la kuifilisi kampuni, "wataamka."

Sheria ya Makampuni inatoa njia mbili kwa mwanahisa aliyekwama. Kuna kifungu ambacho mawakili wengi tunakijua kwa namba 233: mwanahisa anayeona kampuni inaendeshwa kwa namna inayomwonea anaweza kuiomba Mahakama Kuu iingilie, na mahakama inaweza hata kuamuru upande mmoja ununue hisa za mwingine. Kuna pia ombi la ufilisi kwa sababu kwamba ni haki na sawa kampuni ifungwe. Na hoja tulikuwa nayo. Kwa miaka mitatu alizeti ilisafirishwa kutoka Singida kwa malori ya mtoto mkubwa wa familia, bila bodi kupitisha bei. Mkataba ulidai idhini ya mfuko kwa kila biashara na ndugu.

Nilikaa na mhasibu wa kampuni Jumamosi moja tukaandika kwenye ubao kinachotokea kampuni ikifilisiwa. Kiwanja na majengo, mitambo, alizeti na mafuta yaliyopo, kwa bei ya mnada wa haraka: shilingi bilioni 5.1. Benki na riba yake: bilioni 4.6. Stahiki za wafanyakazi na kodi: milioni 350. Mfilisi, madalali na mawakili: zaidi ya kilichobaki. Mwanahisa, awe familia au mfuko, sifuri. Tena mkataba wa mkopo ulisema ombi lolote la ufilisi ni uvunjaji wa masharti, kwa hiyo benki ingeruhusiwa kumteua mpokeaji mali, mtu wa kuchukua dhamana zake na kuziuza, siku ombi linaposajiliwa, kabla hakimu au jaji hajalisoma.

Ule ubao niliupiga picha nikaituma Nairobi. Mjumbe yule hakulirudia neno la ufilisi.

Suala la malori halikufa, na halikustahili kufa. Tuliliweka mezani kama hoja ya mazungumzo. Mzee alinisikiliza, akanyamaza muda mrefu, akasema: "Wakili, yale malori yalitusaidia siku ambazo hakuna aliyetaka kubeba kwa mkopo. Lakini bei sikuwaambia. Hilo nimekosea." Kijana alirudisha tofauti ya bei ya mwaka wa mwisho. Kiasi kilikuwa kidogo, ila baada ya siku ile pande zote mbili zilianza kuaminiana kwenye hesabu.

Kuorodhesha hisa soko la Dar es Salaam, hata kwenye dirisha la kampuni ndogo lililofunguliwa 2013, hatukulijadili zaidi ya dakika tano. Kampuni yenye hasara haiendi kwa umma. Mfuko mwingine wa uwekezaji uliangalia vitabu kwa mwezi mmoja ukarudisha. Mtu wa kununua asilimia 40 bila udhibiti, katika mwaka kama ule, hakuwepo. Mnunuzi wa kweli alikuwa mmoja, familia yenyewe, na alikuwa hana fedha.

Njia iliyobaki

Ikawa kazi ya kumjengea huyo mnunuzi asiye na fedha uwezo wa kulipa. Hapo sheria iligeuka kuwa ya manufaa, kwa sababu kila haki tuliyoshindwa kuitumia bado ilikuwa kitu cha kubadilishana.

Kwanza mfuko uliomba nyongeza ya muda, ukapewa miaka yote miwili, hadi Desemba 2026. Bila hiyo, hakuna mazungumzo ambayo yangefika popote, na nashauri meneja yeyote aliyeko kwenye hali hii aanze na wenye fedha zake kabla hajamgusa mwanzilishi.

Kisha bei. Mfuko ulianza na neno "angalau mtaji urudi." Nilitaka waone mtego uliomo. Dola milioni 3 ziliingia zikiwa shilingi bilioni 6.54. Kama wangerudishiwa dola milioni 3 zilezile, kwa kiwango cha shilingi 2,600 zingekuwa bilioni 7.8. TRA, mamlaka ya mapato, inahesabu faida kwa shilingi. Mtu ambaye hajapata hata senti ya dola angeonekana amepata faida ya bilioni 1.26 na kudaiwa kodi yake. Tanzania haina mkataba wa kodi na Mauritius wa kupunguza makali hayo. Hatukufika huko, bei haikuruhusu, lakini hesabu hiyo iliwatoa kwenye kufikiri kwa dola peke yake.

Tulikubaliana shilingi bilioni 2.9 kwa asilimia 40 yote, kwa awamu tano kufuata msimu. Ya kwanza siku ya kusaini, Septemba 2024, na ya mwisho Agosti 2026, mavuno yakiwa yameingia. Bei iliandikwa kwa shilingi, kwa sababu kiwanda kinauza kwa shilingi. Hasara ya kubadili fedha ilibaki kwa mfuko. Meneja alilipigania hilo wiki tatu, na namwelewa, ila ukimfunga mkamuaji wa Kizota kwenye dola unamrudisha kwenye shimo lililotufikisha hapo.

Swali gumu lilikuwa: fedha za awamu zitoke wapi, wakati benki imeshika kila kitu? Jibu lilitoka kwa Mama. Alisema mafuta ni ya benki, hayo asiyaguse mtu, lakini mashudu yanauzwa mfululizo, mnunuzi wa chakula cha mifugo analipa taslimu na hayachachi kama mafuta. Tukaenda benki. Nayo ilikuwa na hofu zake: ikikamata kiwanda, itamuuzia nani? Mazungumzo ya miezi miwili yakazaa barua ya ridhaa. Mkopo ulipangwa upya ulipwe zaidi baada ya mavuno na kidogo miezi ya kabla yake, na benki ikakubali sehemu ya mauzo ya mashudu iingie akaunti maalumu ya kulipia hisa, mradi rejesho la mwezi husika limeshalipwa. Barua ile ina ukurasa mmoja na nusu. Ilifanya kazi kuliko kurasa 94.

Dhamana ya mfuko tuliiweka kwa njia rahisi. Fomu za uhamisho wa hisa zilisainiwa zote mapema, zikawekwa kwenye bahasha tano zilizofungwa, kwa wakili wa tatu asiye wa upande wowote. Awamu ikilipwa, bahasha moja inafunguliwa. Isipolipwa ndani ya siku 90, mfuko unabaki na hisa ambazo hazijalipiwa pamoja na haki zake zote, ikiwemo ya kuburuta. Safari hii katiba ilirekebishwa na kupelekwa BRELA kabla ya malipo ya kwanza. Nilikataa kusaini hadi nione risiti.

Haki ya kuwauzia waanzilishi kwa asilimia 15 ilifutwa. Kwa kubadilishana, familia ilikubali kwamba ikiuza kiwanda ndani ya miaka mitatu kwa bei ya juu kuliko hii, mfuko utapata sehemu ya ziada hiyo. Mzee alikipinga kifungu hiki kuliko vyote. Aliona kinamdhania mwizi. Nilimwambia kwamba mtu anayeuza shamba wakati wa njaa ana haki ya kuogopa kuliona linauzwa mara mbili ya bei mvua ikinyesha. Alicheka kidogo, akasaini.

Kuna mambo mawili ya taratibu ambayo huchelewesha watu. Hata uuze kwa hasara, BRELA haisajili uhamisho mpaka uwe na cheti cha TRA kinachosema kodi imelipwa au hakuna inayodaiwa. Afisa aliuliza kwa nini hisa zilizonunuliwa bilioni 6.5 zinauzwa 2.9. Swali la haki kabisa. Tulikuwa na taarifa ya mthamini, barua za waliokataa kununua, na ofa ya Dar es Salaam, na bado ilichukua wiki saba. Na kwa kuwa mfuko ulikuwa na kura ya kuzuia maamuzi makubwa, kutoka kwake kulikuwa kunaiachia familia udhibiti peke yake, kwa hiyo tuliiandikia Tume ya Ushindani badala ya kubahatisha. Faida moja ya njia hii: umiliki uliohama ni asilimia 40, chini ya ile 50, hivyo kampuni haikuhesabiwa imeuza mali zake.

Wafanyakazi 64 hawakuguswa. Hisa zikibadilisha mikono mwajiri anabaki yuleyule, mikataba yao inaendelea. Kwenye ule ubao wa Jumamosi walikuwa mstari mmoja wa stahiki, siku saba za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, kikomo miaka 10. Mstari huo niliuangalia mara nyingi kuliko mingine.

Palipobaki wazi

Wapo wenzangu wanaosema nililegea, kwamba notisi ya bilioni 20 ingewekwa kwanza mezani ndipo tuzungumze. Nimelifikiria. Notisi ile ingeanza kuhesabu siku, familia ingeajiri wakili wa kesi badala ya wakili wa mapatano, na benki ingeisoma kama habari mbaya wakati sisi tunaiomba ridhaa. Pale mwanzilishi ana mali nje ya biashara, majengo ya kupangisha au kampuni nyingine, ningeituma bila kusita. Hapa hakuwa nayo.

Ninachojilaumu ni jambo jingine. Awamu ya pili ilipangwa Desemba 2024, wakati mafuta ya msimu yanaisha na wakulima wanataka fedha za pembejeo. Ililipwa siku 61 baada ya tarehe yake, na siku hizo 61 Mama hakulala vizuri. Mwenye kuujua msimu alikuwa yeye, na tarehe hiyo tuliiweka sisi kwa sababu ya kufunga hesabu za mwaka za mfuko. Marekebisho yaliyofuata yamesogeza malipo yote baada ya mavuno.

Bahasha zilizofunguliwa zimeshaingia BRELA, na jina la mfuko limepungua kwenye daftari la wanahisa kila mara. Zilizosalia ziko kwenye sefu ya yule wakili, zina lakiri nyekundu, na funguo ya pili ya sefu anayo mtu wa benki.